Mhadhiri uliyekwama katikati: hiyo shahada nyingine achana nayo

Mleta mada, umeuliza jambo ambalo wengi tunalinong'ona kwenye korido za idara tu. Uzamivu ulimaliza zamani, cheo kimegoma kwenye uhadhiri, mafunzo unayopelekwa ni semina za siku mbili, na sasa unafikiria kusoma shahada ya usimamizi wa biashara ili "ujiendeleze". Nafundisha fizikia chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, na hapo ulipo nimepapita. Jibu langu: hiyo shahada achana nayo.

Sisi wa katikati mfumo umetusahau, na wala si kwa ubaya. Mhadhiri msaidizi anajulikana anachohitaji: apelekwe masomoni. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu nchini ulipoanza mwaka 2021, ule wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, vijana idarani kwetu walipata nafasi za uzamili na uzamivu, na walistahili. Wewe mwenye uzamivu unahesabika umeshaiva. Lakini ni wewe huyohuyo unayepewa uratibu wa mitihani, kamati ya ratiba, kuwazungukia wanafunzi walioko mafunzo kwa vitendo, na darasa la mwaka wa kwanza lenye watu mamia. Dada zetu wana pia zamu ya nyumbani juu yake, ambayo hakuna fomu ya tathmini inayoiuliza.

Semina za hotelini sizikatai, na posho yake sijawahi kuirudisha. Shida ni kwamba ukishapewa cheti na kupiga picha ya pamoja, hakuna anayekufuata muhula unaofuata kukuuliza umebadilisha nini darasani.

Kilichonisogeza mimi ni kisa cha Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard. Alianza kufundisha pale mwaka 1984, wanafunzi walimpa alama za juu, na mitihani ya kukokotoa waliifanya vizuri. Baada ya miaka kadhaa akasoma makala ya watafiti Halloun na Hestenes ya mwaka 1985, iliyoonyesha kuwa wanafunzi wanaweza kumaliza kozi ya mekanika huku mawazo yao kuhusu nguvu na mwendo yamebaki yaleyale waliyokuja nayo. Hakuamini, akawapa wake mtihani wa namna hiyo, wa maswali ya kueleza kwa maneno, bila kukokotoa. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Fikiria kuulizwa swali hilo nawe unasifiwa kwa ualimu bora. Mazur akaacha kuhubiri saa nzima. Akawa anaeleza kidogo, anauliza swali la dhana, kila mtu anapiga kura, kisha anabishana na jirani yake, halafu wanapiga kura tena.

Wenzetu wana vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura. Mimi nilitumia kadi za manila za rangi nne, wanafunzi walizikata wenyewe. Swali langu la kwanza: fuso imegongana uso kwa uso na bajaji, ipi imeisukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Ukumbi mzima ukanyanyua rangi ya fuso. Watu hao kanuni ya tatu ya Newton walikuwa wanaikariri tangu sekondari! Nikawaacha wabishane, kelele zikafika ofisi ya jirani. Kura ya pili, kadi nyingi zilikuwa zimehamia kwenye jibu sahihi, kwamba nguvu ni sawasawa na bajaji inaumia zaidi kwa sababu uzito wake ni mdogo. Maelezo yao wenyewe kwa wenyewe yalifanya kazi ambayo ubao wangu haukuifanya miaka yote.

Naeleza kwa urefu kwa sababu haya ndiyo maendeleo ya kitaaluma ninayoyaelewa: unachukua kozi moja unayoifundisha kila mwaka, unapima wanafunzi wanaelewa nini kwa kweli, unabadilisha kitu kimoja, unapima tena. Halafu mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akae nyuma ya ukumbi akutazame. Asiwe mkuu wako wa idara, maana hapo utaigiza. Na ukiweka kumbukumbu vizuri, kupima kwako huko kunaweza kuwa makala.

Makala ndiyo inayokubana, hilo halina mjadala. Kwanza soma mwenyewe mwongozo wa kupanda vyeo wa chuo chako, usitegemee unachosikia kantini. Angalia alama za machapisho zinavyogawanywa mkiwa waandishi wengi, maana ndipo watu wanapokuja kushangaa. Pili, fungua tasnifu yako. Nakuhakikishia ina sura ambayo hukuwahi kuichapisha. Tatu, tafuta wawili watatu mnaosomeana rasimu kwa siku maalumu ya wiki. Kwetu ni Ijumaa alasiri, maabara, simu zimezimwa. Sharti ni moja: unakuja na kurasa, hata kama ni mbaya. Hadithi za kwa nini hukuandika hatuzisikilizi.

Ukikosa wenzako karibu, kuna AuthorAID, iliyoanzishwa na shirika la INASP mwaka 2007, inayowaunganisha watafiti wa nchi zetu na wazoefu wanaowasaidia kuandika. Pa kuchapisha, usidharau majarida ya nyumbani: Tanzania Journal of Science lipo kwenye AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998. Zile barua pepe zinazokuita "Mheshimiwa Profesa" wakati hata mhadhiri mwandamizi hujawa, zikikuahidi makala itatoka ndani ya wiki moja ukilipa, futa. Ukiwa na shaka, pitia maswali ya Think. Check. Submit., tovuti ya kukusaidia kukagua kama jarida ni la kuaminika, kabla ya kutuma kitu. Namjua mtu ambaye faili lake la cheo lilirudishwa kwa ajili ya majarida ya namna hiyo, na fedha yake haikurudi.

Kuhusu ukuu wa idara ulioahidiwa, wengine watakushauri uukamate. Mimi naona usubiri mpaka uwe na angalau makala mbili zinazosubiri wahakiki. Ukishaingia ofisi ile, asubuhi zako si zako tena. Kazi ya konsalti, yaani ya ushauri wa kulipwa, chukua ile inayokuachia data unayoruhusiwa kuitumia, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.

Likizo ya sabatiko uliyoiulizia mwishoni, ile ya kuacha kufundisha kwa muda ili ufanye utafiti: omba, kama utumishi wako unakuruhusu. Wengi huitumia kufundisha chuo binafsi kwa malipo ya ziada, na kwa mishahara yetu siwalaumu. Wewe tafuta maabara yenye kifaa ambacho kwenu hakipo, mwandikie mwenyeji ukurasa mmoja tu unaosema utapima nini, kwa muda gani, na nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Barua yake ya mwaliko ukiwa nayo mkononi ndipo upeleke maombi kwa mkuu wa idara, mapema, kabla ratiba ya mwaka mpya haijapangwa.