Maswali ya Wasomaji: JD ya 1925 au mchanganyiko?

SWALI: Nauziwa pikipiki ya Harley-Davidson, modeli ya JD, inayodaiwa kuwa ya 1925; nahofia imeunganishwa kwa vipande vya pikipiki tofauti. Nitahakikishaje kabla ya kulipa?

JIBU: Anza na namba ya injini, upande wa kushoto wa kasha lake. Inapaswa kuanza na 25JD. Usitafute namba ya fremu; kiwanda hakikuigonga fremu namba enzi hizo, na hati hufuata namba ya injini. Ndiyo maana wadanganyifu huichezea namba hiyo ya injini. Sehemu yenye namba ibaki na ukwaruzo wa chuma cha kumimina. Ukiona imelainishwa kwa tupa, imezama kuliko eneo jirani, au ina alama za kulehemu, achana nayo. Kisha lala chini uangalie tumbo la kasha: namba za nusu mbili za kasha zilingane, la sivyo zimetoka injini mbili.

Tangi husaidia sana. Lile la umbo la tone lilikuja 1925. La 1924 lina kingo za mraba. Breki ya mbele ilianza 1928, hivyo ukiikuta, uma wa mbele ulibadilishwa. Hilo halifuti ununuzi, ila lishushe bei.

Toa plagi, zungusha injini polepole kwa mguu. Kukwama au mlio wa chuma kunaweza kumaanisha beringi za krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) zimekwisha, na huko ndiko pesa huishia. Moshi kidogo usikutishe: oili yake haizunguki kurudi tangini, huungua.

Spea mpya za kuigiza ni nyingi. Lipia kasha halisi, si rangi inayong'aa.