Jiwe zito linalong'aa kutoka mgodi wa zamani

SWALI: Habari za kazi. Mi niko Mpanda, jamaa yangu kanipa jiwe aliloliokota kwenye ule mgodi wa zamani wa madini ya risasi, linang'aa kinoma na ni zito ajabu, ukilivunja vinatoka vijiboksi vijiboksi. Hii si silva kweli? Na tukishuka kwenye mashimo na tochi si tutapata makubwa zaidi? – Msomaji, Mpanda

JIBU: Salama ndugu. Kwa maelezo yako hiyo ni galena, yaani risasi iliyoungana na salfa, na hivyo vijiboksi ndo vimeiumbua, maana silva ukiigonga nyundo inabonyea na kutandazika wakati galena inapasuka pembe mraba kila upande, hata kipande kiwe kama chembe ya chumvi. Isugue nyuma ya tailizi, upande usio na rangi, utaona mchirizi wa kijivu. Ila hujawa mbali, galena mara nyingi ina silva kidogo ndani. Na msichukulie poa huo mgodi, reli ya kutoka Kaliua mpaka Mpanda mkoloni aliijenga kwa ajili yake, mgodi ukafungwa 1960, reli ikabaki.

Kushuka hapana. Matimba, yaani nguzo za mbao zinazoshikilia mashimo, ya miaka hiyo yameshaoza, afu mawe yenye salfa yanakula oksijeni taratibu, kwa hiyo tochi inawaka vizuri tu huku we ndo unaishiwa, na hakuna harufu ya kukushtua. Kwanza nani kasema mazuri yako chini? Pale galena inapoliwa na maji na hewa karibu na juu ndo inazaliwa serusaiti, nyeupe au angavu kabisa, inametameta hatari na ni nzito kuliko jiwe lolote jeupe ulilowahi kushika. Pekueni vifusi vya nje mvua ikishapita, ila muulizeni kwanza Afisa Madini Mkazi kama eneo lina mtu mwenye leseni.

Nyumbani usilisage wala kuliyeyusha kwenye jiko la mkaa. Kule Zamfara, Nigeria, 2010, watu walikuwa wanasagia nyumbani mawe ya dhahabu yenye risasi ndani, vumbi likaua mamia ya watoto. Nawa mikono kwa sabuni, jiwe liweke wasikofika watoto.

Mkipata hilo jeupe tutumieni picha, na mweke sarafu pembeni tuone ukubwa.