Mtoto hali, chupa haina karatasi

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, hali chakula. Akiona dagaa anasukuma sahani, sombe (majani ya muhogo) anaigusa kwa ncha ya kijiko. Jirani alinishauri dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, nikainunua mnadani; chupa haina karatasi ya maelezo. Hii ni wiki ya tatu. Anakula kiasi, ila mwalimu anasema anasinzia darasani. Nimesikia kupika na watoto kunasaidia, lakini baba yake anasema mtoto wa kiume hakai jikoni. Nifanyeje? (Mama, Ujiji)

JIBU: Marahaba, mama. Hapo kwenye kusinzia ndipo nilipoweka kalamu chini.

Dawa nyingi za "hamu ya kula" zina siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio. Njaa inaleta, kweli, na usingizi inaleta. Ukiiacha, njaa nayo inaaga. Nyingine hutiwa deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi. Mashavu yanajaa, mama anafurahi mtoto kanawiri, kumbe kavimba kwa dawa na kinga ya mwili inashuka. Chupa kama yako naletewa kila mara, na kila muuzaji anaapa ni mitishamba. Mti gani? Hautajiki.

Kupika pamoja ulikosikia ni kweli, ila wengi wanakugeuza mtihani: mtoto anaitwa jikoni, anashikishwa mwiko, kisha anakaziwa macho aone aibu asipokula. Hiyo ni chupa nyingine tu.

Mpe ungo wa dagaa wakavu. Wale wanaoanikwa chini wana mchanga. Achambue, apepete, atoe vichwa. Vidole vitanuka, na hicho ndicho tunachokitaka, maana harufu inazoeleka mkononi kabla ya ulimi. Siku ya kwanza hatakula. Nyamaza. Chakula asichokipenda kinaweza kurudi mbele yake mara 10 na zaidi ndipo akikubali, na kila "onja kidogo tu mwanangu" inamrudisha nyuma.

Sombe atwange na baba yake, kwa zamu. Mzee akibisha, mwulize kambini kwa wavuvi ugali unasongwa na nani. Mtoto anayehojiwa "shule vipi?" anajibu "nzuri" basi; lakini kwenye kinu, macho yakiwa kwenye majani, yanamtoka yenyewe, nani kampiga, nani kamnyima mpira. Huenda hata kutokula kwake kukajulikana kulikoanzia.

Moto ni wako. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi: yatwangwe sawasawa, yachemke vya kutosha, sufuria ikiwa wazi. Wanaotia magadi yaive upesi wanaokoa mkaa na kupoteza vitamini. Mawese nayo wapo wanaoyaunguza mpaka yageuke meupe, eti yasinuke, wakati ule wekundu ndio unaompa mtoto vitamini A. Halafu jioni wananunua chupa ya vitamini!

Uzito wake ukishuka, au akiwa na homa au tumbo linamuuma, apimwe kwanza malaria, minyoo na damu. Jiko halitibu hayo.

Chupa usiifiche kwa aibu. Kesho asubuhi mpeleke mtoto kituo cha afya pamoja nayo, useme ni wiki ya tatu. Usiikatishe kimyakimya kabla daktari hajakwambia: kama ina deksamethasoni, kuacha ghafla baada ya muda huo kunaweza kumwangusha.