Menyu ikikataa kusomeka: usianze na msimbo

Wenye migahawa hapa Mwanza siku hizi wanataka sato akipanda bei asubuhi pale soko la samaki la Mwaloni, mchana menyu ya mtandaoni iwe imeshabadilika. Kazi yetu ni kuunganisha tovuti na mfumo wa mauzo kupitia API (njia ya programu mbili kuombana data), na kinachotukwamisha zaidi ni makosa ya ruhusa. Usiguse msimbo kabla hujasoma namba ya jibu iliyorudi kutoka kwenye seva na maneno yaliyoandamana nayo.

401 ina maana seva haijakutambua. 403 ina maana ombi lako limeeleweka ila limekataliwa. Kwenye kivuko cha Kamanga, asiye na tiketi ni 401. Mwenye tiketi ya abiria anayetaka kupakia gari ni 403. Huyu wa pili hata umkatie tiketi kumi za abiria, gari halipandi. Ndiyo maana sioni faida ya kutengeneza ufunguo mpya (maandishi ya siri yanayokutambulisha kwenye API) kila 403 inapotokea.

401 haichukui muda. Angalia heda ya Authorization, yaani mstari wa utambulisho unaotangulia ombi: neno Bearer, nafasi moja, kisha tokeni (ufunguo unaotumwa na kila ombi). Ufunguo uliotumwa WhatsApp mara nyingi hunakiliwa na nafasi ya ziada mwishoni. Angalia pia kama tokeni imeisha muda, au kama unapeleka ufunguo wa majaribio kwenye anwani ya mfumo halisi.

403 ndiyo yenye vichochoro. Niliwahi kuunganisha mgahawa wenye matawi mawili. Menyu ya Kirumba ilikuja vizuri, ya Nyegezi ikagoma, tokeni ni ileile. Mwenye mgahawa alikuwa ameidhinisha tawi moja tu. Ilibidi aingie mwenyewe kwenye akaunti, aongeze la pili, kisha tokeni itolewe upya, kwa kuwa ya zamani ilibaki na ruhusa zake za mwanzo. (Na kama unasoma menyu tu, omba ruhusa ya kusoma tu. Ya kubadilisha bei ya nini?)

Kuna mifumo inayojibu 404 (hakipatikani) badala ya 403 ili isikuonyeshe kwamba kitu kipo, kwa hiyo namba sahihi ya tawi ikirudisha 404, shuku ruhusa. Jibu likija kama ukurasa wa HTML wakati ulitegemea JSON (data tupu ya kusomwa na programu), huenda umezuiwa na ukuta wa ulinzi kabla hujafika kwenye API yenyewe. Na ufunguo uliofungwa kwa anwani ya IP ya ofisini utakataa umeme ukikatika ukahamia bando la simu. Hilo hapa kwetu si jambo la nadra.

Kivinjari kikilalamika kuhusu CORS (kanuni yake ya kuzuia ukurasa kusoma data ya tovuti nyingine), jaribu ombi hilohilo kwa curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari. Likipita, ufunguo hauna shida. Hamishia ombi kwenye seva yako. Ufunguo wa siri haukai kwenye JavaScript ya ukurasa, kila mgeni anaweza kuusoma.

Ukikwama, waandikie wenye mfumo. Wape namba ya utambulisho wa ombi kama imo kwenye jibu, anwani uliyoita, na herufi chache tu za mwisho za ufunguo. Saa andika kwa UTC (saa ya kimataifa): saa nne asubuhi yetu ni 07:00 kwao, na ukiwaandikia 4:00 watapekua kumbukumbu za saa ambayo hukutuma kitu.