Tairi kugusa ukikata usukani hadi mwisho

Mkuu, umesema umefunga rimu za inchi 17 na sasa tairi linagusa ukikata usukani; usikimbilie kukunja madigadi. Rimu 17 zenyewe si tatizo, angalia saizi ya tairi na ofseti, yaani kipimo cha rimu inavyoingia ndani au kutokeza nje. Kata usukani hadi mwisho, chungulia kwa tochi utafute palipokwanguka na kung'aa. Alama ikiwa kwenye plastiki ya ndani ya madigadi au nyuma ya bampa, tairi ni kubwa mno au rimu imetokeza nje. Ikiwa upande wa shokapu, rimu imeingia ndani mno, na hapo spesa nyembamba ya milimita 5 (bamba la kuweka nyuma ya rimu kuisogeza nje) mara nyingi inamaliza kazi, mradi nati bado zishike nyuzi za kutosha.

Gari lililokuja na saizi ya 185/65R15 lina tairi la kipenyo cha karibu sm 62. 205/45R17 inakaribiana nalo kabisa, ila 205/50R17 inazidi kwa sm 1.5, na wengi hapa Dodoma ndiyo wanayofungiwa. Ofseti imeandikwa kwenye rimu, ET na namba. Namba ikiwa ndogo, rimu inatoka nje zaidi.

Ikigusa plastiki kidogo tu, fundi anaipasha moto na kuisukuma nyuma. Nafunga tairi Majengo, hiyo naifanya mara kwa mara. Ila jaribu tena ukiwa umepakia watu na upite kwenye matuta, maana springi zikilala nafasi inapungua. Tairi likigusa mpira wa breki, gari usiliendeshe kabisa.