Maswali Yenu Kuhusu F.E.A.R.: Askari Wanaosemezana na Binti wa Gauni Jekundu

Barua nyingi za toleo hili zinahusu gemu moja: F.E.A.R., ile ya kurushiana risasi huku ukikutana na mizuka, iliyotengenezwa na Monolith Productions ya Marekani na kutolewa Oktoba 2005. Kwa asiyeijua: wewe ni askari asiyetajwa jina, anaitwa tu Point Man, wa kikosi kinachoshughulikia mambo yasiyo ya kawaida. Paxton Fettel, mtu mwenye uwezo wa kuwaamuru askari wa maabara kwa mawazo tu, ameasi pamoja na jeshi lake, nawe unatumwa kumsaka. Katikati ya msako anajitokeza binti mdogo wa gauni jekundu, nywele zimemfunika uso. Anaitwa Alma. Zaidi ya hapo hatusemi, kwa heshima ya ambao hawajamaliza.

SWALI: Habari zenu wahariri. Nimecheza kama saa mbili hivi. Ofisi, ghala, korido, halafu ofisi tena. Hizi sifa zote zinatoka wapi?

JIBU: Kuhusu ofisi hatukupingi. Mandhari yanajirudia, na ukifika katikati ya gemu utachoka kuona makabati ya faili na mashine za kahawa. Lakini zikague ofisi hizo kama uwanja wa vita. Karibu kila chumba cha mapigano kina milango miwili au mitatu, dirisha la kurukia, na njia inayokuzungusha hadi ulikoanzia. Adui ana pa kupita ili akutokee nyuma, na wewe pia unayo. Korido zilizonyooka ni za vitisho, vyumba vya kuzunguka ni vya risasi. Ukishaujua mpangilio huo utaanza kuhisi kinachokuja kabla hakijaja, na hapo ndipo watengenezaji wanapokugeuzia kibao.

Utamu wenyewe uko katika kupokezana. Kwenye mapigano gemu inakupa nguvu kuliko mtu yeyote chumbani: unabonyeza kitufe kimoja, dunia inapungua mwendo, unaiona risasi ikipasua hewa na vipande vya ukuta vikielea. Dakika tano baadaye uko peke yako kwenye korido, redio inakwaruza, na nguvu zile zote hazina kazi, kwa sababu Alma hapigwi risasi akaanguka.

Mfano maarufu ni wa ngazi. Unafika kwenye shimo lenye ngazi ya chuma. Ili ushuke, gemu inakugeuza mwili uitazame ngazi, na mikono yako inashika vyuma, maana katika gemu hii mwili wako unaonekana. Kwa sekunde moja huna bunduki, na macho yako yanaelekea kule ulikotoka, ambako ulishahakikisha hakuna mtu. Alma amesimama palepale, usawa wa uso wako. Hakurupuki wala hapigi kelele. Kinachotisha ni kwamba kitendo cha kawaida kabisa, ambacho umeshakifanya mara nyingi bila kufikiri, kimekunyang'anya silaha na uhuru wa kuangalia unakotaka. Ukishuka, aliyekusubiri chini ni Fettel. Watengenezaji walikuwa wanafunzi wazuri wa sinema za kutisha za Kijapani, ambamo mzuka hakufukuzi. Anasimama tu mahali pasipomstahili.

SWALI: Wale askari wanajua kila nilipo. Nikijificha wanazunguka. Je, gemu inawaibia siri, yaani wanaona kupitia ukuta?

JIBU: Wengi huamini hivyo, na ukweli unafurahisha zaidi. Akili ya maadui hawa iliandikwa na Jeff Orkin, naye aliieleza hadharani kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu, GDC, mwaka 2006. Gemu nyingi za wakati ule zilimpa adui orodha ndefu ya hali: sasa piga, sasa jifiche, sasa kimbia. Hapa hali ziko tatu tu: kwenda mahali, kufanya kitendo, na kutumia kifaa. Kila askari anapewa lengo, mfano kumuua adui, pamoja na mkoba wa vitendo. Kila kitendo kina masharti yake, matokeo yake na gharama yake. Programu inatafuta mfuatano wa vitendo wa gharama ndogo utakaolifikisha lengo, na mpango ukivunjika inapanga upya papo hapo.

Jaribu hili uone mwenyewe. Tafuta askari anayetaka kuingia ulipo, kisha zuia mlango kwa mwili wako. Kwanza ataufungua kama kawaida. Ukigoma, atapanga upya na kuupiga teke. Ukigoma tena, ataruka kupitia dirishani. Hakuna aliyeandika mahali popote "mchezaji akizuia mlango, ruka dirisha". Ametafuta njia iliyobaki tu.

Na kuzungukwa ubavuni? Kikosi hakina amri ya kumzunguka mchezaji. Kina tabia chache za pamoja: kukimbilia kinga, yaani kitu cha kujifichia risasi, kusogea kinga hadi kinga wengine wakifyatua, kusonga kwa mstari, na kupekua. Unapompiga risasi askari, kinga yake inahesabika kuwa haifai tena, anatafuta iliyo karibu, na kwa kuwa chumba kimejengwa kwa njia za kuzunguka, kinga hiyo mara nyingi iko ubavuni mwako. Ramani ndiyo inayokamilisha hila.

Kilichobaki kinafanywa na mdomo. Askari wanasemezana kwa sauti: mmoja anauliza hali, mwingine anajibu amepigwa, wa tatu anatangaza ameona tochi. Aliyebaki peke yake anaomba msaada. Hakuna utaratibu wowote ndani ya gemu wa kuleta huo msaada. Ila ukisonga mbele lazima utakutana na maadui wengine, nawe utaapa kwamba ndio walioitwa.

Sasa yatumie hayo. Zima tochi kabla ya kukaribia kona, kwa sababu mwanga wake wanauona na wanautaja. Ukishafyatua, usibaki hapo: rudi nyuma ya ukuta, zunguka, tokea mlango mwingine, nao watakuwa wanashambulia pale walipokuona mara ya mwisho. Na sikiliza. Ni nadra kupata adui anayekutangazia mpango wake kabla ya kuutekeleza, kwa hiyo asiyecheza na sauti anajinyima nusu ya silaha zake.

SWALI: Nakufa sana. Mwendo wa polepole unaniishia katikati ya mapigano na risasi pia. Nibebe silaha gani?

JIBU: Kosa la kawaida ni kubonyeza mwendo wa polepole mara tu unapomwona adui, ukautumia kwa kukimbilia kinga. Kipimo chake kinajijaza chenyewe ukikiacha, lakini taratibu. Fanya kinyume: fika kwenye kona kwa mwendo wa kawaida, chungulia kwa kujiinamisha upande, hesabu walipo, ndipo ubonyeze na utoke. Piga wawili, rudi kwenye kinga, zima mwendo mwenyewe kabla kipimo hakijakauka. Ukikiacha kiishe hadi mwisho utajikuta katikati ya chumba, dunia imerudi kasi yake, na wote wanakutazama.

Silaha ni tatu tu kwa wakati mmoja. Tungekushauri mpangilio huu. Nafasi ya kwanza ni ya bunduki ya marisau, VK-12: ukiwa karibu, mlipuko mmoja unatosha kwa askari wa kawaida, na pamoja na mwendo wa polepole hakuna kinachoishinda ndani ya ofisi. Ikiwa mbali haina maana, usipoteze risasi zake. Nafasi ya pili iwe ya ile bunduki ambayo maadui wa eneo hilo wanaibeba, mara nyingi G2A2 au bastola-rashasha ya RPL, kwa sababu utaokota risasi zake kila hatua. Wanaolalamika kuishiwa risasi karibu wote wanang'ang'ania bunduki waliyoipenda wakati adui amebadili ya kwake. Ya tatu ni ya kazi ngumu: Penetrator inayofyatua misumari, nzuri dhidi ya wale wenye deraya nzito, na inambandika mtu ukutani, au, baadaye, Type-7 inayomwacha adui mifupa iliyoungua.

Vifurushi vya matibabu unabeba hadi 10. Ukiwa nazo 10 na ukapita kingine, tumia kimoja ikiwa afya imepungua, kisha okota. Sindano za kuongeza afya na zile za kurefusha mwendo wa polepole zinadumu hadi mwisho wa gemu, na nyingi zimefichwa nje ya njia kuu: nyuma ya mlango wa stoo, juu ya mabomba, mwisho wa korido isiyo na kitu. Tukikuta korido isiyo na kitu, sisi huifuata hadi mwisho.

Kuhusu wale wasioonekana wanaoparamia kuta na kukurukia: usiwatafute kwa tochi. Angalia hewa inayotetema kama juu ya lami yenye joto, jibanze kwenye kona ili waje kutoka mbele tu, kisha mwendo wa polepole na marisau. Na usidharau mateke. Ukikimbia, ukachuchumaa na kubonyeza kitufe cha kupiga kwa mwili, unateleza kwa teke, na askari wa kawaida hainuki tena. Halili risasi hata moja.

SWALI: Kompyuta yangu ni mpya na ina kadi nzuri ya picha, lakini baada ya dakika chache gemu inaanza kukwama kama ya mwaka 1995. Tatizo nini?

JIBU: Siyo kadi. Hili ni tatizo linalojulikana la F.E.A.R. kwenye Windows za kisasa: namna gemu inavyosoma vifaa vya kuingizia amri, DirectInput, haipatani na baadhi ya kibodi na vipanya vya USB vinavyojisajili kama vifaa kadhaa kwa pamoja. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, huanza vizuri, kisha zinaporomoka.

Njia ya kwanza haihitaji kupakua kitu. Fungua Device Manager ya Windows, nenda kwenye kundi la Human Interface Devices, tafuta vilivyoandikwa HID-compliant consumer control device, uvizime kimoja kimoja, ukiijaribu gemu kila baada ya kimoja. Vitufe vya sauti vya kibodi vinaweza kuacha kufanya kazi hadi uvirudishe. Usiguse mistari ya kipanya wala kibodi yenyewe, la sivyo utabaki unaitazama skrini huna cha kubonyeza. Njia ya pili ni kiraka, yaani programu ndogo ya kurekebisha gemu, kilichotengenezwa na wapenzi wake na kuitwa EchoPatch, ambacho kinatibu tatizo hilo pamoja na mengine ya kasi kubwa ya fremu. Ukikataa viraka, basi angalau funga fremu zisizidi 60 kwa sekunde. Ziking'ang'ania juu sana baadhi ya miendo inaharibika.

Katika mipangilio ya picha, zima vivuli laini. Vinakula nguvu nyingi, tena havifanyi kazi pamoja na ulainishaji wa kingo za picha, kwa hiyo lazima uchague kimoja. Chagua kingo. Kama ukubwa wa skrini yako haumo kwenye menyu, fungua faili ya settings.cfg kwa programu ya kuandikia matini, badilisha ScreenWidth na ScreenHeight, uhifadhi. Weka nakala ya faili kwanza.

SWALI: Mbona mimi siogopi?

JIBU: Umeongeza mwangaza wa skrini, na unatumia spika za kompyuta mpakato. Rudisha mwangaza hadi kona za chumba zipotee, uvae hedifoni. Gemu iliundwa wakati mwangwi wa sauti ulikokotolewa na kadi ya sauti kwa mfumo wa EAX, na Windows tangu Vista iliikata njia hiyo. Programu ya bure iitwayo DSOAL inairudisha: faili zake unaziweka ndani ya folda ya gemu, halafu unawasha athari za sauti kwenye menyu. Hatua zako zitaanza kulia tofauti ndani ya bomba na ndani ya ofisi yenye zulia.

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa miaka 12. Anaiomba gemu hii. Nimpe?

JIBU: Hapana, mama. Marekani iliwekewa alama ya M, miaka 17 na kuendelea, na si kwa sababu ya damu peke yake. Hadithi inahusu mtoto aliyeteswa na watu wazima kwa jina la utafiti, na gemu haikwepi.

SWALI: Nimeimaliza. Nifuate ipi, maana mpangilio unanichanganya?

JIBU: Umechanganywa na mikataba, si na hadithi. Monolith ilikwenda na wahusika kwa Warner Bros., jina la F.E.A.R. likabaki kwa mchapishaji wake, Vivendi. Ndiyo maana nyongeza za gemu ya kwanza, Extraction Point ya 2006 na Perseus Mandate ya 2007 zilitengenezwa na TimeGate Studios, na Monolith waliporudi na F.E.A.R. 2: Project Origin mwaka 2009 waliziruka kana kwamba hazikutokea. Ukitaka hadithi, nenda moja kwa moja kwenye ya pili. Ukitaka mapigano yaleyale na hofu ileile, cheza Extraction Point kwanza. Kwa vitisho tunaiona bora kuliko ya pili, ambayo iliondoa kule kuchungulia kwa kujiinamisha na kukupa badala yake meza za kupindua. F.E.A.R. 3 ya 2011, ya Day 1 Studios, inafaa mkiwa wawili: mmoja Point Man, mwingine Fettel anayeingia miili ya maadui. Ukiwa peke yako, iache hadi bei ishuke.