Kipeni kitufe kazi yake

Wadogo zangu mlioanza kazi mwezi huu hapa Chumbageni, jana nimepitia fomu zenu tatu za tovuti, na zote zina kosa lililowahi kuniumiza. Njooni mkae.

1. Katika HTML, lugha ya kuundia ukurasa, kitufe kiwe `button`, kisiwe `div`, kisanduku cha kawaida kisicho na kazi yake. `button` inaitika yenyewe kwa Tab, Enter na Space za kibodi, na programu ya kumsomea asiyeona inaitambua.

2. Kitufe ndani ya fomu kipeni `type`, yaani aina yake. Msipoandika, brauza inakichukulia kuwa ni `submit`, cha kutuma fomu. Mnaniitikia "sawa kaka", kisha hamwandiki. Nami nilikuwa nalijua hilo.

Nilijenga tovuti ya kushika viti vya basi, Tanga kwenda Dar es Salaam, abiria akalipie dirishani. Ndani ya fomu nikaweka kitufe cha "Ona viti". Nilipokijaribu, fomu ikatumwa. Badala ya kuandika `type="button"`, nikaizuia isitumwe kwa amri ya `preventDefault()` kwenye JavaScript, programu inayopakuliwa pamoja na ukurasa. Ofisini hakikusumbua, intaneti ilikuwa na kasi. Ikaja Jumapili ya kuelekea shule kufunguliwa. Mtandao umeelemewa, ukurasa umeshaonekana kwenye simu ya abiria, JavaScript bado iko njiani. Ameshajaza jina na namba, anabonyeza "Ona viti", fomu inakwenda, seva inamshikia kiti. Ramani ya viti haioni, anarudi nyuma, anabonyeza tena: kiti cha pili. Asubuhi hiyohiyo mfumo ukasema basi limejaa.

Mama mmoja wa Ngamiani, mwanawe ana kliniki Dar Jumatatu, akaambiwa dirishani hakuna nafasi. Basi likaondoka na viti kumi na kimoja vitupu. Kondakta ndiye aliyenipigia. Nilipofika stendi ya Kange nilimkuta mama amekaa juu ya begi, mtoto amemlalia mapajani. Nikamwamkia, nikamwambia kosa ni langu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, viti vitupu mtu si anaviona kwa macho?" Nilishindwa kumjibu. Nikahangaika mpaka wakapata gari la mchana.

3. Kufungua na kufunga visanduku vinavyoibuka juu ya ukurasa iachieni HTML. `popovertarget`, sifa inayowekwa kwenye kitufe ili kifungue kisanduku, haisubiri JavaScript, Esc inafunga, na brauza yenyewe inatangaza kama kimefunguka. Lakini ndani ya fomu, bila `type="button"`, fomu itatumwa vilevile! Kwa `dialog`, kisanduku cha kuzungumza na mtumiaji, kuna sifa ya kitufe ya `commandfor` pamoja na `command="show-modal"` au `"close"`; Chrome iliipokea toleo la 135, mwaka 2025, kwa hiyo wenye simu zisizosasishwa wawekeeni njia nyingine. Amri mnazobuni wenyewe huanza na vistari viwili, na hizo bado zinataka JavaScript ya kuzisikiliza. Mmoja wenu jana kaandika mistari arobaini ya kufungua kisanduku kimoja, na Esc haifungi. Kwa nini, jamani?

4. Kila ombi lipewe namba yake, likirudi mara ya pili seva isishike kiti kingine.

5. Wi-Fi ya ofisi haitoshi kupimia. Kesho saa mbili asubuhi nakuja na simu yangu ya zamani, twende nayo Kange, kila mmoja afungue fomu yake palepale kwenye msongamano.